Breki Zilizompandisha Mama Capitoline Baiskeli

Likuni, Kambi ya Dzaleka,
Dowa, Malawi.
Jumapili, tarehe 13 Julai 2025

Mpendwa kaka yangu, Yaya Gélase,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na wifi Benedicte pamoja na batoto wote. Natumaini mko wazima huko Sherbrooke. Goti lako linaendeleaje? Tulipoongea mwezi uliopita ulisema daktari amekukataza kupanda ngazi, nikacheka, kwa sababu nakujua: wewe ukikatazwa ngazi utapanda paa. Tafadhali mtii daktari. Wifi aniambie ukweli kama unamtii.

Sisi huku tuko salama, Mungu ni mwema. Baridi ya mwezi wa saba ni kali mwaka huu. Asubuhi kila mtu anatoa moshi mdomoni, na mume wangu Minani anavaa makoti mawili kwenda kuchota maji. Alipata kikohozi lakini kimepita. Mtoto wetu Akeza amenipita urefu, sasa ananiangalia kwa juu kama mwalimu. Tante Mathilde alipiga simu toka Bukavu wiki mbili zilizopita. Yuko mzima, bado yuko pale pale Kadutu, na amesema usimtumie tena dawa za miguu, ananuka kama duka la dawa.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati tuna simu. Kwenye simu kila nikianza kukueleza habari hii mtandao unakatika, au wewe unaanza kucheka kabla sijafika mwisho. Delphin, yule jirani yetu mshona viatu, anaondoka Jumanne kwenda kwa binti yake huko kwenu Kanada, na ameahidi kubeba barua hii ndani ya Biblia yake. Kwa hiyo nimekaa chini niandike yote kwa utaratibu. Uliuliza kama raba zako za breki zilifika, na zimefanya kazi gani. Yaya, zimefanya kazi ambayo hata wewe hukuifikiria.

Nianzie mbali kidogo. Unakumbuka nilikuambia kuhusu wanawake wa Kachere, kijiji kile cha nyuma ya mlima, ninaowafundisha kushona kila Jumatano. Kwa miguu ni masaa mawili na nusu kwenda, na kurudi vilevile. Kabaza, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, wanakufikisha juu ya mlima tu, halafu wanakuambia shuka mama, huko chini hatuendi, breki zetu hazitoshi. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimechoka hadi nilishawaambia wale wanawake kwamba nitaacha. Mmoja akaendelea kukanyaga cherehani bila uzi, tak tak tak, ili asinitazame. Sikuweza kuacha, lakini miguu nayo ilikuwa inakataa.

Basi mwishoni mwa mwezi wa nne nilikuwa Biwi, kule Lilongwe, kwa Gakiza, Mrundi anayeuza baiskeli zilizotumika toka Ulaya. Nilikuwa nimemshonea nguo za harusi ya binti yake, na alikuwa bado hajanilipa. Pale nyuma ya banda nikaona kinga moja, baiskeli imesimamishwa peke yake. Usukani wake umepinda kama pembe za kondoo, matairi yana meno, fremu nyepesi naiinua kwa mkono mmoja. Gakiza akaniambia imekaa mwaka mzima, watu wanaogopa pembe. Mimi niliposhika zile pembe nilikuona wewe, ukishindana kwa baiskeli kule Bukavu, toka Muhumba hadi Panzi, na shati jekundu, na mimi mtoto nakukimbilia nyuma nikilia unisubiri. Nikamwambia Gakiza tumemalizana, sitaki malipo mengine. Ndipo wewe uliponiambia kwa simu kwamba aina ile ni ya krosi, ya kukimbizwa kwenye matope, na watu wake wakifika penye kizuizi wanaibeba begani. Nilifurahi sana. Mi nikifika penye mto nitaibeba begani.

Nikaileta nyumbani juu ya minibasi. Sasa sikiliza yaliyonikuta.

Mama mkwe wangu, Mama Capitoline, unamjua kwa picha tu. Yule mwembamba mwenye leso nyeupe, anayekaa kwenye kigoda akisuka vikapu vya Kirundi. Ana miaka sitini na saba. Kitu ambacho sikuwahi kukuambia ni kwamba alikuwa na mtoto mwingine, Niyongabo, kitinda mimba wake, mdogo wake Minani. Kule Burundi alikuwa anashusha ndizi kwa baiskeli toka milimani hadi sokoni. Breki yake ilikuwa soli ya kandambili aliyoikanyagia kwenye tairi. Siku moja ya mvua ilikataa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Tangu siku hiyo, miaka kumi na sita sasa, Mama hajapanda baiskeli, hajakaa kwenye keria ya kabaza, na kinga ikipita kwa kasi mbele ya nyumba anaingia ndani. Minani alipofika Dzaleka wenzake walimwita afanye kazi ya kabaza, akakataa kwa sababu ya Mama. Mimi nilijua haya yote, Yaya, na bado nikaileta. Nilijiambia atazoea.

Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni akaitazama ile kinga toka tairi hadi tairi. Watu wote waliokuwa wamekusanyika walikuwa wanauliza inakimbia namna gani, ina gia ngapi. Yeye akauliza swali lake moja tu:

"Inasimama?"

"Inasimama, Mama."

"Kesho utanionesha."

Akachukua fimbo, akaenda hadi kwenye ule mteremko wetu wa kwenda bombani, akachora mstari chini, njia nzima. Akaniambia, "Utashuka toka kwa nyumba ya Delphin. Ukipita hapa, unairudisha kwa mwenyewe."

Nilikubali. Shida yangu ilikuwa moja: zile breki zilikuwa zinalia. Yaya, sijawahi kusikia kitu kinalia vile. Ukizigusa tu, jirani wa safu ya tatu anatoka nje na mtoto mgongoni. Minani alisikia aibu kwa ajili yangu. Sasa asubuhi ya siku ile, mi nikiwa nasali, yeye mume wangu mpendwa, kwa upendo wake wote, akachukua mafuta ya kupikia na kitambaa, akapaka breki na rimu za mbele na nyuma, ili zisipige kelele mbele ya mama yake.

Nilishuka toka kwa Delphin. Nilipokaribia mstari nikakamata breki. Kimya. Hazikulia hata kidogo, na hazikushika hata kidogo. Nikapita mstari. Nikampita Mama Capitoline. Nikapita bomba na foleni yote ya ndoo, watu wanaruka huku na huku wakiita Yesu, na nikaishia kwenye meza ya nyanya ya Esperance. Sikuumia, isipokuwa kiwiko. Nyanya ziliumia. Esperance alisimama na mikono kichwani akisema "Sofi, Sofi, ungeniambia tu kama unataka nyanya!" na watu wote wakacheka, hata mimi nikaanza kucheka nikiwa pale chini.

Halafu nikamtafuta Mama kwa macho, hayupo. Alikuwa ameingia ndani. Nilipofika mlangoni nikasikia analia, kile kilio cha chini cha mtu ambaye ameshalia sana juu ya jambo lile lile. Kicheko chote kikaniishia. Nilimwambia Minani baiskeli inarudi Biwi leo leo, sitaki kuiona.

Minani akatazama vidole vyake. Akasema, "Sofi, ni mimi. Nilipaka mafuta."

"Mafuta gani?"

"Ya kupikia. Kwenye breki. Zilikuwa zinalia sana."

Nilimtazama huyu mwanaume wa miaka arobaini na mbili na sikujua nimchape au nimkumbatie. Nilimshika mkono nikamwingiza kwa mama yake, nikamwambia sema. Akasema yote. Mama alimwangalia muda mrefu sana, leso ikiwa mdomoni. Akauliza taratibu, "Wewe uliyemzika ndugu yako, unapaka breki mafuta?"

"Nilitaka ikupendeze, Mama."

Halafu Mama akaanza kutikisika mabega, na mimi nikafikiri analia tena. Kumbe anacheka. Alicheka hadi machozi yakatoka upya, akimpiga Minani begani kwa ile leso, "Mafuta! Angetia na kitunguu!" Tulicheka sote watatu pale chini kwenye mkeka. Tangu nimeolewa katika nyumba hii sikuwahi kumsikia akicheka vile, na Minani aliniambia baadaye kwamba yeye mwenyewe alikuwa amesahau sauti yake.

Alipotulia akajifuta uso akasema, "Ipelekeni kwa Aristote. Na mi nitaenda."

Aristote ni fundi wetu, mtu wa Bukavu kama sisi, zamani alikuwa anatengeneza malori. Ana kibanda karibu na soko. Mama alibeba kigoda chake, akakaa mbele ya fundi kama mkaguzi wa shule, na kila bolti, kila bulungo iliyofunguliwa aliuliza kazi yake. Siku ya kwanza Aristote aliona usumbufu. Siku ya pili alimtengea kivuli.

Kwanza aliosha mafuta kwa sabuni, akasugua rimu kwa msasa mpaka zikang'aa. Akatoa zile raba za zamani, akampa Mama mkononi. Mama akazigonga kwenye kigoda, zikalia ko ko kama mawe. "Hizi njo zilikuwa zinapiga kelele," Aristote akasema, "zimekauka. Na tazama, moja si raba ya breki, mutu alikata tairi." Mama aliitazama ile ya tairi kwa muda mrefu. Akaiweka mfukoni, sijui kwa nini, na sikumuuliza.

Hapo njo Irangabiye, yule uliyempa mzigo huko kwenu, alikuwa amefika kumwona mama yake hapa kambini, na ile bahasha yako ya raba ikaja wakati kamili. Raba nne, laini, rangi yake kama nyama ya samaki. Aristote alizinusa. Alisema raba kama hizi hajashika tangu atoke Bukavu.

Uliniambia tuweke breki za sahani, zile za disque. Nilimuuliza Aristote, na majibu yake nakuletea kama alivyosema, ili usinilaumu: "Mwambie Gélase sahani inataka mahali pa kufungwa. Fremu hii haina masikio yake, foku, ule uma wa mbele, haina, na kitovu cha gurudumu hakina matundu yake. Atutumie kinga nyingine kabisa, ao atuachie tutengeneze hii." Kwa hiyo zikabaki breki za kubana rimu, na kazi ikawa kuchagua ya aina gani.

Tulianza kwa kuacha zile zile za zamani, zenye mikono iliyotanuka nje kama viwiko, tukaweka tu raba zako na kushusha ule waya wa katikati ili uvute kwa nguvu zaidi. Zilishika! Lakini nikikamata ya mbele kwa nguvu, foku yote inatetemeka, usukani unanigonganisha meno. Mama alikuwa anaangalia. Akasema, "Inasimama lakini inaogopa. Tafuta nyingine."

Nikaenda Old Town, kule Lilongwe, kwenye maduka ya spea nyuma ya stendi. Nikanunua zile breki ndefu za baiskeli za milimani, zenye mikono miwili iliyosimama wima, kila mtu huku anazisifu. Aristote akazifunga, nikashika, kishikio kikaja mpaka kikagusa usukani, laini kama nsima, ugali wa huku, ya jana iliyomwagiwa maji. Nikafikiri duka limenidanganya. Aristote akasema hapana, duka halina kosa, mi mwenyewe sikuuliza. Akanieleza hivi: vile vishikio vya kwenye pembe vinavuta kable kidogo tu, na breki ndefu inataka kable nyingi. "Haviongei lugha moja," alisema. Nilihitaji za namna ile ile ya kusimama wima, lakini fupi. Mkono ukiwa mfupi, kable kidogo inatosha, na nguvu yake ni kubwa.

Fupi hizo nilizitafuta Old Town yote, duka kwa duka. Wahindi wenye maduka waliniwekea maboksi mpaka juu ya kaunta, hakuna. Nikaenda Kauma, hakuna. Mwisho nikarudi Biwi kwa Gakiza, na yeye akaniuliza, "Fupi kama zile?" akaonesha kwa kidole lundo la baiskeli za watoto zilizovunjika. Yaya, zilikuwa pale! Kwenye kibaiskeli cha rangi ya zambarau chenye picha za vipepeo, breki mbili fupi za aluminiamu, mbele na nyuma, na kile kibomba chake kilichopinda ambacho kable inapita ndani. Nilizifungua mwenyewe kwa mikono yangu. Gakiza alikataa kuchukua kitu, alisema binti yake bado anasifiwa kwa ile gauni.

Fupi nazo zina wivu wao. Raba zinakaa karibu sana na rimu, kama gurudumu limepinda kidogo tu zinagusa. Rimu yangu ya mbele ilikuwa inacheza. Aristote alishinda mchana mzima akikaza spoki moja, akilegeza nyingine, akizungusha gurudumu na kuweka ukucha wa kidole gumba pembeni, mpaka ikapita sawasawa bila kugusa ukucha. Kisha akaweka njiti ya kiberiti nyuma ya kila raba kabla ya kuikaza, ili ncha ya mbele itangulie kugusa. Mama akauliza, "Hiyo njiti ni ya nini?" Aristote akajibu, "Ni ya majirani, Mama. Raba ikilala hivi hailii." Na kweli, haikulia tena.

Siku ya mtihani wa pili, Mama alichora mstari wake upya. Safari hii Esperance alihamisha meza ya nyanya mapema, na alisimama mbele yake na mikono imetanuliwa kama golikipa. Minani alikalishwa kwenye keria, maana Mama alisema kinga isiyo na mzigo haijasema ukweli. Nilishuka. Nilikamata kwa vidole viwili tu. Tulisimama hatua mbili kabla ya mstari, Minani akanigonga mgongoni na kichwa chake. Watu walipiga vigelegele.

"Tena," Mama akasema.

Tukashuka tena, tukasimama. Akaomba ndoo bombani, akamwagia maji rimu zote mbili kwa mkono wake. "Siku ile ilikuwa mvua," alisema. Nilipanda tena hadi kwa Delphin. Nikashuka. Mwanzo raba ziliteleza kidogo kwenye maji, halafu zikaikausha rimu na zikashika. Tairi la mbele lilisimama upana wa kiganja kabla ya mstari.

Mama alikuja polepole. Aliinama, akaweka mkono kwenye rimu.

"Iko moto," alisema.

"Njo kusema imefanya kazi yake, Mama," Aristote akamjibu.

Aliacha mkono wake pale mpaka rimu ikapoa. Kisha akaniambia niende Kachere salama Jumatano, akabeba kigoda chake akarudi nyumbani.

Ingeishia hapo ningekuwa nimeridhika kabisa. Nilikuwa natumia dakika hamsini badala ya masaa mawili na nusu, na juu ya mlima wale kabaza walikuwa wananisalimia "zikomo, madam!" wakiniona nashuka wao wamesimama. Lakini wale wanawake wa Kachere walikuwa wanaona kikapu ninachobebea mikasi na nyuzi. Wakauliza nani amekisuka. Nikasema ni mama mkwe. Wakasema basi agogo, yaani bibi, aje awafundishe. Nililetea Mama ujumbe huo wiki ya kwanza, akasema miguu haifiki. Wiki ya pili nikasema keria ipo. Akasema, "Sofi, kuitazama ni kitu kimoja." Sikumsumbua tena.

Jumatano tarehe 2 mwezi huu natoka nje asubuhi kufunga mzigo, namkuta Mama amesimama kando ya kinga. Amevaa kitenge chake cha misa ya Pasaka. Ameweka mto wa kitanda chake juu ya keria, ameukaza kwa kamba. Mkononi ana furushi la nyasi za kusukia alizovuna mwenyewe. Minani alikuwa mlangoni na kikombe cha chai, hanywi. Mama akaniambia tu, "Twende kabla jua halijawa kali."

Yaya, niliendesha kama mtu aliyebeba mayai. Kwenye kupanda nilishuka nikasukuma, yeye amekaa juu ameshika mto kwa mikono miwili, anajibu salamu za watu kama malkia. Tulipofika juu akaniambia nisimame. Mashamba yote yalikuwa yamevunwa, mabua yamebaki, na Kachere inaonekana kule chini na moshi wake. Barabara ya kushuka ilikuwa nyekundu na ndefu. Alivuta pumzi. Akanikumbatia kiuno na mikono yote miwili, akaweka shavu mgongoni kwangu.

Nilianza kushuka nimebana breki zote mbili. Tulikwenda polepole mpaka mzee mmoja mwenye kuku wawili mkononi, anatembea kwa miguu, akatupita na kutuambia pole. Nilisikia moyo wake unapiga kwenye mgongo wangu. Tulipofika katikati akaanza kuongea, si na mimi hasa.

"Niyongabo alikuwa anaimba akishuka," alisema. "Tulikuwa tunamsikia toka shambani. Tulijua amefika kwenye kona kwa ule wimbo."

Nikasema, "Ndiyo, Mama."

Tukaenda kidogo. Halafu akaniita.

"Sofi."

"Karame, Mama," nikaitika kwa Kirundi.

"Breki iko?"

"Iko, Mama. Nimeishika."

Tukashuka mita kumi hivi. Nikahisi mikono yake inalegea kiunoni mwangu, si kuniachia, kulegea tu, kama mtu aliyekaa vizuri.

"Basi achia kidogo," alisema.

Niliachia. Upepo ukaja, leso yake ikapiga shingoni mwangu, na tukampita yule mzee na kuku wake, na kuku wakapiga kelele, na Mama Capitoline akapiga kelele kuwazidi. "Achia!" alisema tena, na nilipotaka kubana kwenye kona akanikandamiza mbavuni na kidole. Tulifika chini tukiwa tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Wanawake wa Kachere walikuwa wametoka nje kusikia ni kitu gani kinakuja kikicheka vile. Walimshusha kwa mikono, wakamkalisha kwenye kiti kizuri kuliko vyote, na kabla hajanywa maji alikuwa ameshafungua furushi lake la nyasi.

Sasa ana wanafunzi kumi na wawili. Anawagombeza kwa Kirundi, wanamjibu kwa Chichewa, na vikapu vinatoka. Minani naye ameanza kujifunza kuendesha ile kinga, na Mama anamwangalia sana akiwa karibu na mafuta ya jikoni.

Amenikuta naandika barua hii akaniuliza naandika kwa nani. Nimemwambia kwa Yaya Gélase, yule aliyetuma raba. Amekaa karibu yangu, anataka niandike maneno yake kama yalivyo, nami naandika: "Gélase mwanangu, asante. Mungu akulinde na goti lako. Zile raba za mbele zimeanza kwisha, Sofi anabana sana. Tuma zingine, na mwambie dada yako apunguze woga."

Msalimie sana wifi Benedicte, mwambie Akeza ameipenda ile sweta. Wasalimie batoto mmoja mmoja kwa jina, nisije kumsahau mmoja akanuna. Minani, Akeza, Aristote, Esperance wa nyanya, wote wanakusalimu. Kama Irangabiye amesharudi kwake, mpe shukrani zetu kwa kubeba ile bahasha. Na Delphin akifika na barua hii mpikieni chakula cha nyumbani, safari yake ni ndefu na ni mtu wa aibu, hataomba.

Bwana awatunze katika baridi ya huko, awape kazi njema na usingizi mzuri, na siku moja atukutanishe tukiwa bado na nguvu za kucheka.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye toka tumboni mwa mama mmoja,

Sophie Zihindula